Kurasa 32 Mezani kwa Mhariri

Ilikuwa Mei 2018, ukumbi wa maonyesho wa Tokyo Big Sight, kule Ariake. COMITIA ni soko la manga (hadithi za katuni za Kijapani) asilia pekee: huuzi hadithi iliyoazima wahusika wa mtu mwingine. Mbali kidogo na meza za wachoraji wanaouza vijitabu vyao hutengwa sehemu ya wahariri. Majarida kadhaa huweka meza na viti, na yeyote mwenye mswada hujaza karatasi ya maelezo yake, hupanga foleni, hukaa, na kazi yake husomwa papo hapo mbele ya macho yake.

Sisi tulikuwa na kurasa 32 za vichekesho vya mapenzi, aina inayosomwa zaidi na wasichana wa sekondari, zote zimechorwa kwa mkono. Hadithi na wahusika vilikuwa vya mwenzangu, binti wa Mombasa aliyekuwa akisoma Tokyo. Mandhari, weusi na toni (karatasi za nukta zinazobandikwa kutia kivuli) vilikuwa vyangu. Yeye aliniita kaka kwa kuwa nimemzidi umri. Mimi nilimwita dada kwa kuwa hadithi ni yake.

Karatasi ya mswada wa kuchapwa jaridani ni B4, milimita 257 kwa 364. Juu yake kuna mistari ya buluu hafifu ambayo haitokei kwenye uchapaji. Fremu ya ndani ni 180 kwa 270, na maneno yote yakae humo. Mstari wa pili, 220 kwa 310, ndipo karatasi itakapokatwa. Mchoro unaotaka kufika ukingoni lazima uuvuke, la sivyo utabaki na uzi mweupe pembeni ya ukurasa. Mbali na mswada wenyewe tulibeba nakala iliyopunguzwa hadi asilimia 83, yaani kipimo cha jarida la B5. Nakala hiyo huumbua kazi. Toni ya laini 60 (yaani safu za nukta) kwa inchi, ikipunguzwa hivyo, hukaribia laini 72, na kwenye kitabu kidogo cha mfukoni hupita 110. Toni nyepesi hustahimili. Ile yenye weusi wa asilimia 40 huanza kuziba na kugeuka doa. Na ukibandika toni mbili juu ya nyingine pembe zake zisipolingana, hutokea mawimbi ambayo hukuyachora. Tulikuwa nayo ukurasa wa 9, kwenye sketi ya sare. Tuliibandua toni ya juu na kuchonga kivuli kwa ncha ya kisu.

Mhariri wa kwanza alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Alizisoma kurasa zote kwa mwendo wa msomaji aliye kwenye treni, bila kusema neno, kisha akarudi moja kwa moja ukurasa wa 12 na kuweka kidole.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Natsu, mwaka wa pili sekondari ya juu, anampenda Riku tangu chekechea. Kwa kuwa alimjua kwanza, anajiona ana hatimiliki. Riku naye anampenda Mio, msichana wa darasa la jirani, mpole, na rafiki wa Natsu pia. Siku ni tarehe 14 Februari. Japani siku hiyo wasichana ndio wanaotoa chokoleti: ipo ya mpenzi, ipo ya wajibu kwa wenzako kazini, ipo ya kupeana marafiki. Asubuhi Natsu anafungua kabati la viatu la Riku mlangoni mwa shule (wanafunzi hubadili viatu pale kabla ya kuingia), anakuta kiboksi chenye utepe na mwandiko wa Mio. Ukurasa wa 12 anakitupa kwenye pipa la taka nyuma ya ukumbi wa michezo. Tulichora sura yake kwa kichekesho kamili: kichwa kikubwa, mwili mfupi, macho meupe, jasho la ukubwa wa embe.

Mhariri akauliza, "Nani anaumia hapa?"

Dada akajibu kwamba ni Mio.

"Anajua kwamba ameumizwa?"

Hajui.

"Basi kuanzia hapa msomaji wangu amehamia kwa Mio, na nyinyi mna kurasa 20 zilizobaki za Natsu."

Akaifafanua kwa utaratibu, akionyesha kwa kalamu bila kugusa karatasi. Shujaa mwenye ila hapotezi wasomaji kwa sababu ya ila. Wivu, uongo mdogo, majivuno, kujidai mmiliki wa mtu: haya yote msomaji wa miaka 15 anayo, na ndiyo yanayomfanya anunue jarida. Humpoteza pale hila yake inapofanikiwa, tena dhidi ya mtu asiye na kosa. Hila ikifaulu, kicheko kinakufa, kwa sababu sasa kuna deni lisilolipwa linalotembea kutoka ukurasa hadi ukurasa. Hila ikimrudia mwenyewe kabla hatujasahau uso wake wa ujanja, tunacheka na kumhurumia kwa pumzi moja. Alisema katika vichekesho vya mapenzi ya upande mmoja, kila njama ya shujaa inapaswa kuwasogeza karibu zaidi wale wawili anaotaka kuwatenganisha. Natsu ampe Riku ushauri mbovu kwa makusudi, na ushauri ule umfurahishe Mio kupita kiasi. Hapo ndipo penye mtambo wa hadithi, na sisi tulikuwa tumeuzima ukurasa wa 12.

Mimi naliona hilo kuwa sahihi kuliko ushauri wa kawaida unaosema "mfanye apendeke". Ukimfanya apendeke kwa kumwokotesha paka mvuani, unabaki na shujaa mwenye vipande viwili visivyoungana: hapa mwema, kule mkorofi.

Jambo la pili lilihusu sura ya kichekesho. Natsu wa kawaida tulimchora kwa urefu wa vichwa sita na nusu. Wa kichekesho kwa vichwa viwili na nusu, mstari mnene wa nibu (ncha ya kalamu ya wino) ya G bila mistari myembamba kama nywele ya nibu ya duara. Kubadilisha namna hiyo kunamwambia msomaji: cheka, hakuna aliyeumia. Kwa hiyo pale mtu anapoumia kweli, sura hiyo inakuwa uongo wa mchoraji. Ukurasa wa 20, Natsu anapowaona Riku na Mio wakitembea chini ya mwavuli mmoja, tulikuwa tumemweka kibonge yule yule mwenye macho meupe. Mhariri alitaka Natsu wa vichwa sita na nusu, anayetabasamu vizuri, na maneno ya moyoni yakae nje ya puto la maneno, juu ya eneo jeupe tupu, mafupi. Kichekesho kirudi fremu inayofuata, yaani kisanduku cha mchoro kinachofuata, atakapojikwaa.

Alitupa kadi yake na kutuambia tutume nemu mpya, yaani ule mchoro wa haraka wa penseli wenye fremu, maputo na maneno tu. Usimalizie kwa wino kitu ambacho hakijapita kwenye nemu. Kurasa 32 za wino ni kazi ya wiki nyingi. Nemu yake unaweza kuiandika upya usiku mmoja.

Tukatoka nje ya ukumbi, tukakaa kwenye ngazi na mipira ya wali yenye samaki ndani, mswada katikati yetu kwenye bahasha ngumu.

"Asitupe," dada akasema. "Aile."

"Aile chokoleti ya mwenzake? Bado ni wizi, dada."

"Ni wizi, ndiyo. Lakini ngoja, kaka. Ikiwa ni yake je?"

Alichukua penseli akagawa karatasi ya bure fremu tano. Natsu anakimbilia ngazi za juu na kiboksi, anakula moja baada ya nyingine ili kuficha ushahidi, mashavu yamejaa kama mtu mwenye matubwitubwi. Chokoleti ni tamu mno, na hilo linamuudhi zaidi. Chini ya ile ya mwisho kuna kadi. Anaifungua. Hapo ukurasa wa 13 unaisha. Ukifunua, juu kabisa ya ukurasa wa 14: "Kwa Natsu, rafiki yangu. Mwaka huu nimeifanyia mazoezi, naomba uniambie ukweli kama inafaa kumpa mtu." Mio alikosea kabati. Natsu ameiba zawadi yake mwenyewe, na sasa anadaiwa maoni ya kweli kuhusu chokoleti atakayopewa Riku.

Mpangilio wa kurasa ulitubeba bila kuhamisha kitu. Manga husomwa kutoka kulia, na ukurasa wa kwanza wa mswada wetu ulikaa upande wa kushoto, kama ilivyo kawaida. Hivyo kurasa 2 na 3 zinatazamana, 4 na 5 zinatazamana, na kila namba witiri iko kushoto, ikiishia pale ambapo msomaji analazimika kufunua. Swali hukaa fremu ya mwisho ya ukurasa witiri. Jibu hukaa fremu ya kwanza ya ukurasa shufwa. Ukiweka kadi ile ukurasa wa 12 na jina ukurasa wa 13, jicho litaliona jina kabla mdomo wa Natsu haujafunguka, na kichekesho kimekwenda na maji.

Kilichobaki kilikuwa kosa la Mio. Kwa nini akosee kabati? Makabati ya viatu hupangwa kwa namba za mahudhurio, na namba hizo kwa kawaida hufuata majina ya ukoo katika mpangilio wa silabi za Kijapani. Riku alikuwa Sakamoto. Natsu alikuwa Yoshida, upande wa pili wa makabati. Tukamfanya Sakai. Sakai na Sakamoto hufuatana, kwa hiyo makabati yao yanapakana, na Mio wa darasa la jirani anaweza kuhesabu vibaya. Badiliko hilo lilitulipa mara mbili. Shule za Japani huanza mwaka Aprili, na mara nyingi wanafunzi hukaa kwanza kwa kufuata namba hizo. Basi kila walipowekwa darasa moja tangu shule ya msingi, Natsu alijikuta mbele ya Riku, na akaihesabu kuwa ni kudura. Hatimiliki yake yote imejengwa juu ya orodha ya majina. Dada alicheka mpaka wali ukamwingia puani.

Saa tisa kasoro tukapanga foleni ya meza nyingine, jarida jingine. Mhariri huyu alikuwa kijana, mwenye haraka, na swali lake lilikuwa moja: msomaji anajua ukurasa wa ngapi kwamba Natsu anampenda Riku? Ukurasa wa 7. Kwake ni kuchelewa. Alitaka ukurasa wa 3, fremu ya mwisho, na hadithi nzima iwe kurasa 24. Mtu asiyejulikana, alisema, akiomba kurasa 32 anaomba nafasi ya mwenye jina.

Mahali pa kukataliwa, ambapo Natsu anasema na Riku anajibu, hakutaka paguswe. Palikuwa mwisho wa ukurasa wa 27: mdomo wa Riku unaanza kufunguka. Ukurasa wa 28 ni fremu moja tu, Riku ameinamisha kichwa, puto lina neno moja la kuomba radhi. Mandhari hakuna. Toni hakuna. Nilikuwa nimeshakata ya asilimia 10 kwa ajili ya anga, dada akanizuia siku ile tulipomalizia, na mhariri akapita pale taratibu kuliko pengine pote. Alichotaka kipungue ni kilichofuata: tulikuwa na kurasa nne za Natsu akijutia na kumwomba Mio msamaha. Akasema ziwe mbili, na Natsu asipone kabisa. Amwambie Mio chokoleti ilikuwa na chumvi nyingi. Ni uongo, Mio anajua ni uongo, na hapo wanabaki marafiki.

Kutoka 32 hadi 24 ni kurasa nane. Mbili zimetoka mwishoni. Tatu ni za safari ya treni asubuhi, ambazo hazikuwa na kazi ila kuonyesha kwamba najua kuchora treni. Tatu zilizobakia zilikuwa kurasa 4 hadi 6: jikoni kwa kina Natsu, yeye na mama yake wakiyeyusha chokoleti juu ya maji ya moto, tone la maji linaingia bakulini, chokoleti inaganda mabongemabonge. Ni kweli huwa hivyo, maji kidogo tu huiharibu, na dada aliipenda sana ile sehemu. Kurasa za kukataliwa zikasogea hadi 21 na 22, witiri na shufwa kama mwanzo, kwa bahati njema kabisa.

Kwenye treni ya Rinkai kurudi, dada alikuwa ameshachora mistari ya nemu mpya magotini.

"Unalisikitikia jiko, kaka?"

"Jiko hapana. Nasikitikia toni. Ule mvuke niliuchonga kwa wembe siku tatu."

"Basi uutie kwenye sahani ya wali, ukurasa wa 17."

"Ukurasa wa 17 wako nje, kwenye theluji."

"Mvuke wa pumzi," akasema, akaandika pembeni kwa penseli ya buluu, ili nisije nikasingizia kwamba sikuambiwa.