Waliosema Kijapani hakilipi, karibuni yadini

Nilipoamua kusomea lugha na utamaduni wa Kijapani, kila mtu aligeuka mshauri. Mjomba alisema nitaishia kutembeza watalii Maasai Mara. Wengine wakanihakikishia kwamba nikipata N2 tu, ile ngazi ya pili kutoka juu ya mtihani wa Kijapani, kampuni za Kijapani za Nairobi zitanigombania. Ushauri huu wa pili ndio unaoniudhi hadi leo.

N2 nikaipata, nikaitwa kwenye usaili. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo: kubisha mlango mara tatu, kuinama, kutoketi mpaka nikaribishwe, na ile lugha ya heshima ya kujishusha mwenyewe na kumkweza bosi. Nikaingia, nikainama, nikamwaga utambulisho wangu bila kukwama. Mzee wa Kijapani akanisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Hongera sana, bwana. Keti. Tuongee Kiswahili tu, nisije nikakisahau."

Kumbe alikisomea Chuo Kikuu cha Osaka, ambako Kiswahili ni somo la shahada, kisha akaja Tanzania kujitolea chini ya JICA, shirika la misaada la Japani. Mimi, mzaliwa wa Mombasa, nikaketi pale nikirekebishwa ngeli na Mjapani! Mwishowe akauliza, "Ukiacha lugha, una ujuzi gani?" Walihitaji mhasibu. Kijapani kwao kilikuwa nyongeza. Basi wewe uliye mwaka wa kwanza, shika kitu cha pili mapema: uhasibu, kompyuta, hata uwakala wa forodha.

Kilichonitoa kimaisha ni gari ambalo shangazi alitaka kuagiza kutoka Japani. Broka alimtumia karatasi ya mnada, yaani ripoti ya mkaguzi kuhusu hali ya gari, yenye gredi 4, akamwambia gari ni safi mno. Shangazi akanitumia mimi, "Hebu soma hii, si ulisomea?" Ile ramani ya gari yenye A1 za mikwaruzo na U1 za vibonyeo hata mtoto wa yadi ya magari anaijua. Kazi iko pembeni, mkaguzi anapoandika maoni kwa mkono wa haraka kama daktari. Kamera ya simu inasoma herufi za chapa, lakini mwandiko ule huubahatisha. Nikasoma: kutu nyingi upande wa chini. Nikatazama mnada ulikofanyika, Sapporo. Huko Hokkaido barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi ndiyo hula chesisi. Shangazi akaghairi, akanitangaza mji mzima.

Sasa yadi kadhaa hunitumia karatasi kabla hazijapiga dau. Wanaponasa zaidi ni kwenye R. R kwenye mwaka ni Reiwa, enzi ya Kijapani iliyoanza Mei 2019. R kwenye gredi ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Na H30, mwaka wa 30 wa enzi ya Heisei iliyotangulia, ni 2018, usikubali broka akuambie ni 2019, maana Kenya haipokei gari lililopita miaka minane.

Natoza mia chache kwa karatasi, zaidi ikiwa ni usiku, na usiku ndio mwingi kwa sababu minada ya Japani huanza sisi tumelala. Jumla yake kwa mwezi inaushinda mshahara wa mwalimu mpya, ingawa mwezi mbaya upo. Mjomba naye juzi kaniletea karatasi yake, akaomba bei ya familia. Nikamtoza kamili.