Saa Tatu za Tofauti Kati ya Seva na Kontena

Mhasibu wa kituo kimoja cha mafuta kinachofanya kazi usiku kucha hapa Dar es Salaam alinipigia simu akiwa na wasiwasi, kwa sababu mauzo ya usiku wa manane yalikuwa yakihesabiwa katika siku iliyotangulia. Nilipoifungua ripoti niliona kwamba siku ya mfumo ule ilianza saa tisa usiku badala ya saa sita, na kwa kuwa Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, nilijua pa kuanzia.

Programu ilikuwa ndani ya kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu na vitu inavyovihitaji, na kontena likiendeshwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya seva halisi. Niliandika amri ya date, inayoonyesha tarehe na saa, kote kuwili: mashine pepe ikajibu 01:20, kontena likajibu 22:20 ya jana, ilhali mhasibu kwenye simu alikuwa akizungumzia saa saba na dakika ishirini. Katika mazungumzo ya namna hii mimi huandika kila muda pamoja na saa za eneo lake, maana sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna nafasi moja zaidi ya kukosea.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kurekebisha saa, na ninawasihi wasifanye hivyo. Kontena halina saa yake; hutegemea keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mwenyeji wake, inayohesabu sekunde tangu Januari 1, 1970 kwa UTC, na saa za eneo ni namna tu ya kuisoma hesabu hiyo. Amri ya date +%s, inayoonyesha hesabu hiyo ya sekunde, ilipotoa hesabu ileile kote kuwili, niliridhika kwamba saa ni nzima na kasoro iko katika usomaji. Kama saa ya mashine pepe ingekuwa imeachana na ya seva inayoibeba, jambo linaloweza kutokea inaposimamishwa kisha kuendelezwa, dawa ingekuwa chrony, programu ya kusawazisha saa kupitia mtandao.

Nikaweka mpangilio wa saa za eneo, TZ=Africa/Dar_es_Salaam, na kuliunda kontena upya, lakini likaendelea kusoma UTC bila onyo lolote. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Kontena lilijengwa juu ya Alpine, toleo dogo la Linux ambalo haliji na tzdata (data ya saa za maeneo ya dunia), na jina la eneo lisipopatikana mfumo hurudi kimyakimya kwenye UTC. Niliongeza amri ya kuisakinisha, apk add --no-cache tzdata, kwenye Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga kontena), nikajenga upya, na 01:20 ikasomeka 01:20. Wapo wanaopendelea kuunganisha kontena na faili la /etc/localtime la mwenyeji, linaloshikilia saa za eneo lake. Mimi siungi mkono njia hiyo, kwa kuwa kontena likihamishiwa seva iliyoko Frankfurt na iliyowekwa saa za huko litaanza kufuata saa za Ujerumani.

Hifadhidata niliiacha katika UTC, na uamuzi huo ulitusaidia: kumbukumbu za zamani hazikuhitaji kuguswa. Tulitoa upya ripoti za wiki iliyopita, na mhasibu akazilinganisha na stakabadhi za pampu, siku moja baada ya nyingine, hadi zote zikalingana.