Honi niliyoizima, na wageni walioletwa na Kintinku

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, ila ukinikuta Jumapili asubuhi nimechutama kando ya mataruma na simu mkononi, usishangae. Napenda reli, hasa stesheni ndogondogo ambazo abiria huzipita akiwa amesinzia. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kuja Dodoma Julai 2024, kila mtu alikimbilia kupiga picha stesheni mpya. Nikajisemea, hizi za zamani nani atazikumbuka? Nikafungua tovuti.

Miezi miwili ya kwanza wageni walikuwa mimi na mke wangu, naye nilikuwa namwomba.

Nikadhani tatizo ni urembo. Nikaweka honi ya treni, inayolia yenyewe mtu akifungua tu. Nilijisifu kweli kwa honi ile. Rafiki yangu mmoja anafanya kazi Mji wa Serikali kule Mtumba. Nikamtumia linki, akaifungua chini ya meza kikao kikiendelea. Jioni akaniandikia: "Kaka, leo umeniumbua." Honi nikaizima usiku uleule. Nilikuwa pia nimeweka kaunta ya wageni chini ya ukurasa, tarakimu za kijani. Ilisoma 41, na kwa hesabu yangu 30 nilikuwa mimi. Kumwonyesha mgeni kwamba nyumba haina watu ni kumfukuza. Nikaing'oa nayo.

Nyongeza ya kwanza iliyokuwa na maana ni ramani. Nilitumia OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, pamoja na Leaflet, programu ya kuionyesha ramani kwenye tovuti, vyote vya bure, nikapachika alama moja moja kuanzia Kilosa: Kidete, Godegode, Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo, Ihumwa, Dodoma yenyewe, kisha Zuzu, Kigwe, Bahi, Kintinku, Saranda hadi Manyoni. Ukigusa alama, picha za stesheni zinafunguka. Kwenye kompyuta ya ofisini ilipendeza mno.

Kisha nikampigia mama mdogo, anaishi Bahi, nikamwambia aangalie stesheni yao. Baada ya nusu saa akanipigia yeye: "Mwanangu, hilo jambo lako limenilia bando lote na sijaona hata behewa moja."

Nikaenda kupima. Kila picha ilikuwa MB 4 au zaidi, vile vile ilivyotoka kwenye kamera, na ukurasa wa Bahi una picha 12. Karibu MB 50! Nani ana kifurushi cha kuchezea hivyo? Nikazipunguza upana hadi pikseli 1,200, nikazihifadhi kwa mtindo wa WebP, unaobana picha iwe nyepesi, kila moja ikabaki chini ya KB 150. Halafu nikaongeza neno moja tu kwenye msimbo wa kila picha, loading="lazy", ili picha za chini zisipakuliwe mpaka mtu ashuke kuzifikia. Ukurasa mzima ukawa chini ya MB 2. Nasikitika kwamba kazi hiyo ya jioni mbili ilifanya zaidi ya mapambo yote ya miezi miwili, maana mapambo ndiyo niliyoyafurahia.

Watu wakaanza kuja, wachache. Nilijiunga na Search Console ya Google, nayo ni bure, inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika wakitafuta hadi tovuti yako ikatokea. Hapo ndipo nilipojua nilikuwa naongea peke yangu. Mimi vichwa vya kurasa zangu vilisema "Urithi wa reli, sehemu ya tatu". Watu wao waliandika "stesheni ya saranda iko wapi" na "kintinku treni". Nikavunja kurasa ndefu, kila stesheni ikapata ukurasa wake, na kichwa kikaanza na jina lake. Kwa Kiswahili bado hakuna msongamano. Kuhusu stesheni ndogo za huku kati hakuna aliyeandika sana, kwa hiyo ndani ya wiki chache ukurasa wangu wa Kintinku ulikuwa juu kabisa.

Lakini wageni wengi hawatoki Google. Wanatoka WhatsApp. Na linki tupu kwenye WhatsApp, isiyo na picha, watu wa kwetu wanaiona kama ya matapeli. Dawa yake ni lebo ya ndani ya msimbo wa ukurasa inayoitwa og:image, inayoiambia WhatsApp ionyeshe picha ipi: unaandika anwani kamili ya picha, kuanzia https, na picha iwe nyepesi. Nilihangaika siku nzima kwa sababu WhatsApp ilikuwa inakumbuka hali ya zamani. Nilipoongeza ?v=2 mwishoni mwa linki, ikaiona kama linki mpya, picha ikatokea.

Nyongeza ninayoipenda kuliko zote ni kitufe. Kila ukurasa wa stesheni una kitufe kinachofungua WhatsApp, ujumbe ukiwa umeshaanza kuandikwa: "Nakumbuka stesheni ya Gulwe..." Nilinunua laini ya pili kwa ajili hiyo tu. Sikutegemea sauti, ila watu hawaandiki, wanarekodi. Mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa njia alinitumia dakika 11 bila kupumua. Alianza kwa kunikosoa kwamba Igandu nimeipachika kando mno na reli (kweli, nilikosea), akaja kueleza namna mto Mkondoa ulivyokuwa ukifurika na kubomoa tuta kati ya Kilosa na Gulwe, nao mafundi wakilala porini mpaka njia ifunguke. Nikamwomba ruhusa, nikaiweka sauti yake bila jina. Wajukuu wakaitambua, wakaitupa kwenye grupu la ukoo. Jioni moja wageni 200.

Nikalewa sifa. Nikaona watu wengi wanatafuta nauli, nikaweka jedwali la nauli na saa za treni. Wageni wakapanda hadi 90 kwa siku, nami nikasahau kwamba nauli hubadilika. Siku moja dada mmoja akanipigia kutoka stesheni: amekuja na pesa kamili kwa mujibu wa jedwali langu, haitoshi, na watoto wawili mkononi. Sikuwa na la kujitetea. Nilimtumia iliyopungua, kisha nikalifuta jedwali kabla hata ya kumaliza chai. Mahali pake pana sentensi moja: nauli ulizia stesheni.

Wageni walishuka hadi 40 kwa siku. Nimewaacha washuke. Stesheni iliyobaki bila picha ni Godegode tu. Yule mzee amesema nikienda niulize nyumba ya mwenzake, naye ana mengi kuliko yeye. Nimeshanunua betri ya ziada ya simu.