Kisanduku cha bati

Kwa wiki sita niliwahi kuwa karani wa dodoso katika mradi wa ruzuku ya fedha kwa kaya maskini. Kazi yenyewe ukiisimulia ni nyepesi: unabisha hodi, unauliza, unaweka alama. Wanalala watu wangapi hapa? Sakafu ni ya udongo au ya saruji? Mna redio, baiskeli, simu? Paa ni la nyasi au la bati? Kipato huulizi sana, maana mkulima na kibarua hawana hati ya mshahara ya kukuonyesha. Fomu inaukisia umaskini kwa vitu vinavyoonekana. Kila kitu kina alama zake, kompyuta inajumlisha, kisha mstari unakatwa. Aliye chini ya mstari anapata. Aliyeuvuka, hata kwa alama moja, basi tena.

Bibi mmoja nilimkuta ameketi kizingitini. Ndani mlikuwa na kitanda, ndoo mbili na wajukuu watatu. Juu kulikuwa na bati zuri, halijashika hata kutu. Mwanawe ndiye aliyeliezeka, mwaka mmoja kabla hajafariki.

"Unaandika nini hapo, mjukuu wangu?"

"Naandika bati, bibi."

Akainua macho juu, kama mtu aliyekumbushwa jambo. Fomu yangu haikuwa na kisanduku cha paa lililoezekwa na marehemu.

Orodha iliposomwa kwenye mkutano wa kijiji, jina lake halikuwemo. La jirani yake lilikuwemo: mama wa nyumba ya nyasi, mwenye mume mzima mwenye nguvu zake. Simlaumu yule mama, naye alikuwa na shida zake za kutosha. Bibi alikaa mpaka mkutano ukaisha, akajikung'uta vumbi, akaondoka bila kuuliza. Angeuliza ningemjibu nini?

Tangu hapo, nikitaja ruzuku hizi mbele za watu, swali ninaloulizwa ni lile lile: si watazinywea pombe? Swali hilo limejibiwa hadi limechoka. Watafiti David Evans na Anna Popova walizipitia tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali, na mwaka 2017 wakachapisha walichokikuta: kwa jumla, matumizi ya pombe na tumbaku hayapandi watu wanapopewa fedha. Walevi wapo, kama walivyopo kwenye mishahara. Mimi ningependa tuulizane zaidi kuhusu wale waliobaki nje ya orodha.

Bati lenyewe lina kisa chake. Kule Rarieda, kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly lilianza kugawa fedha mwaka 2011 kwa kaya zenye paa la nyasi. Nyasi ndiyo ilikuwa tiketi. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walipofuatilia, wakakuta kaya nyingi zimeezeka bati kwa fedha hizo. Kuna wanaoguna wakisikia hivyo, eti wangenunua mtaji. Hao hawajawahi kulala chini ya nyasi msimu wa mvua. Nyasi zinaoza, na kuzibadilisha kila mara ni gharama isiyokwisha. Bati unalipia mara moja. Halafu waliopewa kwa mkupuo ndio waliweza zaidi kununua vitu vya kudumu, wakati waliolipwa kila mwezi walionekana kupata nafuu zaidi upande wa chakula. Ni hesabu ya kawaida tu: fedha ndogo ya kila mwezi haifiki kwenye paa, inaishia jikoni.

Na wasiopewa? Hapa majibu yanagongana. Katika kaunti ile ile ya Siaya, utafiti mwingine mkubwa zaidi ulihusisha vijiji 653, na kaya zaidi ya 10,000 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja. Majirani ambao hawakupewa kitu nao matumizi yao yalipanda, kwa sababu fedha ilizunguka: fundi akapata kazi, kibarua akalipwa, mchuuzi akauza. Watafiti walikadiria kwamba kila dola moja iliyoingia ilizaa takriban dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo hilo. Bei zilipanda kwa kiasi kidogo mno, kama asilimia 0.1.

Lakini Ufilipino mambo yalikwenda vingine. Katika vijiji vya mbali ambako kaya nyingi ziliingizwa kwenye mpango wa ruzuku, bei ya vyakula vinavyoharibika upesi, mayai kwa mfano, ilipanda. Kuku hawaongezeki kwa sababu watu wameshika hela, na barabara ikiwa mbaya hakuna wa kuleta mayai ya kwingine. Udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao, ukaongezeka kwa watoto wa kaya zilizoachwa nje. Ukweli huu niliusoma usiku, nikamkumbuka bibi na wale wajukuu watatu.

Masharti nayo yana namna yake ya kuacha watu nje. Mexico ilipoanzisha mpango wake wa ruzuku, Progresa, mwaka 1997, akina mama walilipwa mradi watoto waende shule na kliniki, na watoto walioandikishwa shule waliongezeka kweli. Sina ubishi hapo. Ila Zomba, Malawi, wasichana waligawanywa: wengine walilipwa kwa sharti la kuhudhuria shule, wengine bila sharti lolote. Wenye sharti walidumu zaidi shuleni. Wasio na sharti, mimba na ndoa za mapema zilipungua, hasa kwa wale walioacha masomo mradi ukiendelea. Kwa msichana wa namna hiyo, fedha yenye sharti inakatika siku ile ile anayoacha shule, yaani siku anayoihitaji kuliko zote.

Nimewahi kuambiwa kwamba kosa dogo la orodha halizuiliki, na nakubali, mstari lazima ukatwe mahali. Ninachokataa ni kuuita mstari huo sayansi mbele ya watu wanaofahamiana tangu utotoni, halafu sisi tunapanda gari tunaondoka.

Karibu miaka miwili baadaye nilipita tena pale kwa shughuli zangu. Bibi alikuwepo, mjukuu mkubwa amerefuka. Akaninyooshea kidole upande wa jirani. Ile nyumba ya nyasi ilikuwa inang'aa, bati jipya kabisa, na aliyepewa kazi ya kukandika kuta zake, kwa malipo, alikuwa bibi mwenyewe na wajukuu zake.

"Sasa mkirudi na makaratasi yenu," akaniambia huku anacheka, "na yeye mtamkata?"