Nimeua kolamu jamani

Mpaka sasa naona aibu kumwangalia dada mkubwa wa maabara. Wiki nzima natumia kolamu, lile bomba dogo lililojazwa unga wa kutenganishia, natenganisha ibuprofeni, zile molekuli mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, piki (vilima kwenye grafu, kila molekuli na chake) zinatoka mbili safiii. Mbeya Juni hii baridi inakata mifupa, na mashine nayo vituko, pampu inataka CO2 inayobeba sampuli iwe ya baridi ndo iisukume, alafu huko kwenye kolamu inatakiwa joto na presha, maana ile hali ya si gesi si maji inaanzia nyuzi 31 na baa 74 hivi, me nimejifunga shuka oveni inakula 40 peke yake 😂

Ijumaa presha ikapanda nikasema ngoja niisafishe na THF, kiyeyushi kikali. Weee! Kumbe kolamu yenyewe ni ya kupakwa, amilosi (aina ya wanga, ndo inayotenganisha) imelala tu juu ya silika, yani chembe za ule unga, haijafungwa kikemia, THF imeiyeyusha ikaondoka nayo. Ingekua ile ya kufungwa ingevumilia. Jumatatu naweka ibuprofeni, piki moja nene imeinama kama mgomba wa Tukuyu wenye mkungu.

Na presha kumbe ilikua friti tu, kale kachujio ka mlangoni mwa kolamu, imeziba, sampuli sikuichuja.

Dada hajasema kitu, kaenda zake kuchemsha chai.