Ufunguo wa lori naushika mimi

Jana nusura tumpoteze mwenzetu. Tulikuwa tunapakua malighafi kiwandani, foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ikiingia na kutoka kwenye lori, mwenzetu akiiendesha. Dereva wa lori akasikia mtu amegonga bodi, akadhani tumemaliza. Akawasha injini, lori likasogea kama hatua moja, na magurudumu ya mbele ya foklifti ndiyo kwanza yanakanyaga sakafu ya lori. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Namshukuru Mungu, alisimama.

Ule mwanya uliofunguka kati ya lori na jukwaa la kupakulia bado nauona.

Kuanzia leo lori likifika, breki ya mkono inavutwa, tairi zinawekewa kabari, na ufunguo naushika mimi ninayepokea mzigo. Dereva anasubiri nje ya kabini, mahali ninapomwona. Haupati mpaka niingie mwenyewe nihakikishe ndani hamna mtu. Mmoja amenuna leo, ati namchelewesha. Nimemwelewa, lakini sikumpa.

Mizigo inayotoka ni vilevile: mizito chini, mikanda ikazwe kabla geti halijafunguliwa.

Mwenzetu amekuja kazini leo. Tumeshikana mikono muda mrefu, hatukusema kitu.