Sabufa ya inchi 10 kwenye nafasi yake ya kiwandani: nilivyoifunga kwenye Fairlady Z

Nissan Fairlady Z ya umbo la Z33, ambayo nje ya Japani iliuzwa kwa jina la 350Z, ikiwa na muziki wa Bose huja na sabufa ya inchi 10 nyuma ya viti, ndani ya kasha la plastiki lililofichwa na paneli. Sabufa hiyo ikichoka, ushauri utakaoupata kwa mafundi wengi wa redio ni kuiacha ilipo na kuweka boksi kwenye buti. Kwa gari hili siukubali. Buti lake ni fupi, bomba nene la kukaza bodi limelikatiza katikati, na tairi la spea liko chini ya sakafu yake. Boksi likishakaa pale, siku ukipata pancha Kilwa Road utaanza kwa kushusha muziki kando ya barabara.

Kwa hiyo nilirudisha sabufa mpya palepale pa zamani. Inawezekana, na besi inatoka nzuri, lakini kazi yenyewe ni ya kupima na kuziba hewa. Wati zinafuata nyuma.

Kabla ya kununua chochote pima omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme. Spika za mifumo ya Bose mara nyingi zina omu ndogo kuliko spika za dukani, na hapo ndipo watu wanapopoteza hela. Chukua amplifaya inayotoa wati 100 kwenye omu 1: hiyo ni volti 10. Ukiifungia sabufa ya omu 4, volti hizohizo 10 zitatoa wati 25 tu, halafu utailaumu sabufa. Ukifanya kinyume, yaani ukaacha spika ya kiwandani na kuilisha kwa amplifaya ya dukani isiyokubali chini ya omu 2, amplifaya itachemka na kujizima, au itaungua. Kumbuka pia kwamba mita husoma chini kidogo ya namba ya spika: koili ya omu 4 itaonyesha kama 3.2 hivi. Hiyo ni kawaida.

Kwa sababu hiyo niliamua kuweka amplifaya mpya kwa ajili ya sabufa peke yake. Ile ya Bose sikuitoa, maana ndiyo inayolisha spika za milango. Nilikata nyaya mbili tu zinazokwenda kwenye sabufa ya zamani na kuziba kila ncha peke yake kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Ncha hizo zikigusana, amplifaya ya Bose inaweza kufa na milango yote ikanyamaza.

Viti vinatoka kwanza. Toa waya hasi wa betri, subiri dakika 10, ndipo uguse soketi za njano chini ya viti. Hizo ni za mifuko ya hewa. Soketi zikiwa zimechomolewa, usiwashe swichi ya gari hata kwa sekunde moja kujaribu redio, kwa sababu taa ya mfuko wa hewa itawaka na huenda isizimike mpaka ifutwe.

Kasha likishatoka, pima vitu vitatu: ujazo, kina cha nyuma na nafasi ya mbele. Ujazo nilipima kwa maharage makavu. Ziba matundu yote kwa selotepu, mimina maharage mpaka mdomoni, kisha yamwage na uyapime kwa jagi la lita moja. Usitumie maji, yatabaki kwenye kona. Kasha langu lilichukua lita 11. Sabufa yenyewe inakula karibu lita 1, pete ya mbao ya kuisogeza mbele inaongeza nusu lita, hivyo hewa inayobaki ni lita 10 na nusu.

Namba hiyo ipeleke kwenye karatasi ya vipimo vya sabufa kabla hujalipa. Tafuta Qts (namba inayoonyesha jinsi koni inavyozuiwa kuyumba) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na wa mpira unaoshikilia koni). Gawanya Vas kwa lita za kasha, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa Qts. Sabufa niliyochagua ina Qts 0.5 na Vas lita 20, na kwenye lita 10.5 inatoa 0.85. Karibu na 0.7 besi ni nyoofu kabisa. Ikipita 1 inaanza kuvuma noti moja: gitaa la besi la taarabu linageuka mngurumo, na ngoma za singeli, zinazokwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, zinagandamana. Nilijaza pamba ya mito ya poliesta gramu 120, nikaichambua kwa vidole mpaka ikawa nyepesi. Pamba hufanya kasha lijione kubwa zaidi, kwa makadirio asilimia 15, na hesabu ikashuka mpaka 0.82. Usiishindilie, na usiiache ikagusa koni.

Sasa kina, ambapo ndipo kazi inapoharibika. Kutoka mdomo wa kasha mpaka ukuta wa nyuma nilipata milimita 71. Kutoka mdomo huohuo kwenda mbele mpaka wavu wa paneli, milimita 38. Sabufa nyembamba niliyopata inahitaji milimita 80 nyuma. Basi lazima pete ya kuisogeza mbele, na kila milimita unayoipa nyuma unaitoa mbele. Kwa mbele hesabu iko hivi: mpira wa pembeni wa koni umeinuka milimita 10, koni inasafiri milimita 9 kila upande, na mimi huacha 5 za usalama. Jumla 24.

Pete ya kwanza niliikata kwenye MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18. Nyuma ilikaa vizuri, lakini mbele zilibaki 20, na sauti ikipanda mpira ulikuwa unapiga wavu: mlio mkavu kama mtu anayegonga kucha kwenye sahani ya plastiki. Ukiusikia mlio huo, punguza sauti papo hapo, maana mpira unachanika. Pete ya pili ilikuwa ya milimita 12. Nyuma zikabaki 3, mbele 26. Milimita 3 nyuma ya sumaku zinatosha kwa sharti moja, kwamba sumaku haina tundu la kupumulia katikati. Yenye tundu hutaka nafasi ya kama sentimita mbili na nusu na zaidi, la sivyo inapuliza kwa sauti na koili haipoi.

Pete ya pili sikuikata tena kwenye MDF. Hewa ya Dar ina unyevu na chumvi, na MDF isiyopakwa kitu hunywa unyevu, inavimba, na skrubu zinalegea. Mafundi seremala wa Keko walinikatia plaiwudi ya kuhimili maji, duara la nje milimita 270, la ndani 232, nami nikaipaka vanishi mara mbili pande zote, ukingo wa ndani pia. Ukingo ndio hunywa zaidi.

Namna ya kuifunga pete ina umuhimu wake. Skrubu za mbao kwenye plastiki nyembamba hung'oka ndani ya mwezi mmoja kwa mtikisiko. Nilitumia bolti 8 za M5 zinazopenya pete na mdomo wa kasha, na washa pana upande wa ndani ili plastiki isipasuke. Kabla ya hapo nilipigilia nati za meno 8 nyuma ya pete kwa ajili ya bolti za sabufa yenyewe, nikizipishanisha na zile za kwanza ili matundu yasikutane. Nati hizo zinataka nafasi, kwa hiyo kwenye mdomo wa plastiki utatoboa matundu mapana kidogo ya kuzipokea. Kaza bolti kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za tairi.

Kati ya pete na plastiki nilipaka silikoni. Iangalie unaponunua: ile inayonuka siki hula shaba, na mvuke wake ukifungiwa ndani ya kasha unafika kwenye nyaya za koili. Nunua isiyo na harufu hiyo, na iache ikauke saa 24 kabla ya kuweka sabufa. Kati ya sabufa na pete niliweka sponji ya kujibandika ya milimita 3, ili siku ya kuitoa itoke bila kuvunja kitu.

Plastiki ya kiwandani ni nyembamba. Ukiweka kiganja mgongoni mwa kasha wakati besi inapiga, utausikia ukuta ukipumua, na kila unapopumua unakula besi. Kwa milimita 3 zilizobaki, ukuta huo ungeweza pia kugonga sumaku. Nilipiga msasa upande wa nje, nikalaza faiba tabaka mbili kwa rezini, ileile wanayozibia bampa. Mbili zinatosha. Tatu hazikubali kurudi kwenye nafasi yake dhidi ya bodi. Juu yake nilibandika utepe wa kuzuia mtikisiko. Mwanzoni niliuziwa utepe wa lami wa kuzibia mabati, na ndani ya gari lililoegeshwa juani chini ya kioo kikubwa cha nyuma ulilainika ukaanza kutiririka kwenye kapeti. Ule wa mpira wa butili umekaa.

Kuzibika kwa kasha hupimwa kwa mikono. Tandaza vidole kuzunguka katikati ya koni, isukume taratibu, ishikilie sekunde chache, iachie. Ikirudi kwa kujivuta, hewa haitoki. Ikirudi ghafla, kuna mwanya. Kuupata ulipo, piga sauti ya hezi 30 kwa kiwango cha chini na upitishe kijiti cha udi kinachofuka kando ya maungio. Moshi utapanda umenyooka, ukifika kwenye mwanya utacheza. Wangu ulicheza pale waya wa spika unapoingilia, na tone moja la silikoni likautuliza.

Umeme nitausema kwa ufupi. Amplifaya ni ya chaneli moja, wati 300 kwenye omu 2, na sabufa ina koili mbili za omu 4 zilizounganishwa sambamba kupata hiyo 2. Ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta kama ampea 27. Waya wa shaba wa milimita 10 za mraba, urefu mita 5, unapoteza robo ya volti hivi. Wa milimita 4 unapoteza zaidi ya nusu volti, na besi inalegea hasa pale unapoihitaji. Kariakoo kuna waya mnene, mzuri kwa macho, wa bei nafuu, ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe, uache. Fyuzi ya ampea 30 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka betri, kwa sababu inalinda waya, siyo amplifaya. Waya wa ethi usizidi nusu mita, ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae, halafu upake grisi juu kuzuia kutu ya chumvi. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse. Nyaya za RCA, zinazopeleka muziki kutoka redio hadi amplifaya, zipite upande mwingine wa gari, mbali na waya wa umeme, vinginevyo mluzi wa oltaneta utaingia kwenye muziki.

Amplifaya imekaa ndani ya kisanduku cha kuwekea vitu, nyuma ya viti upande wa pili. Niliinua kwa vigingi vya mbao vya sentimita 2 ili hewa ipite chini yake. Redio tayari ilikuwa siyo ile ya Japani, ambayo FM yake inaishia 90 na kukukosesha stesheni nyingi za mjini, na hii mpya ina tundu la RCA la sabufa.

Kurekebisha sauti usitumie masikio peke yake. Chomoa sabufa, zima vionjo vyote vya besi kwenye redio, weka sauti ya redio robo tatu, piga toni ya hezi 50, na upime volti za AC kwenye matundu ya amplifaya. Sabufa yangu inabeba wati 250, na 250 mara omu 2 ni 500, ambayo kipeuo chake cha pili ni volti 22 na kidogo. Niliongeza geini, kitufe cha kiwango cha amplifaya, mpaka mita ikasoma 22, nikaishia hapo. Kichujio cha kukata sauti za juu nimekiweka hezi 80, cha kukata za chini hezi 28, kwa kuwa chini ya hapo koni inatembea bure na milimita zangu 26 za mbele hazitoshi. Badili pia fezi, inayogeuza mwelekeo wa koni, kati ya 0 na 180 ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, milango imefungwa, na uchague ile yenye besi nene zaidi. Kwangu ilikuwa 180.

Kitakachobaki ni makelele ya paneli. Piga toni inayopanda polepole kutoka hezi 30 hadi 80 na ubonyeze paneli moja moja kwa kiganja. Inayonyamaza ukiibonyeza ndiyo yenye kosa. Klipu nilizizungushia utepe wa kitambaa, na nyuma ya paneli ya wavu nikaweka vipande vya sponji. Kibao cha namba nyuma nacho kilikuwa kinaimba kwenye hezi 47. Washa mbili za mpira zilikimaliza.

Baada ya wiki mbili fungua paneli ukaze tena bolti za sabufa. Zangu zote 8 zilikubali robo mzunguko, sponji ikishakaa.